Sauti Iliyoitwa Njoo

Nilipiga ile sauti mara ya tatu, na dada yangu Mashavu akawa anatazama vidole vyangu tu.

"Umeshaanza?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshaanza, nimeshamaliza, na nimeanza tena. Chumba kizima kilikuwa kimejaa sauti hiyo. Bwana Mhina, mpiga fidla wetu, alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha plastiki kwa utamu. Lakini Mashavu, ambaye sauti ile ilitengenezwa kwa ajili yake na si kwa mtu mwingine duniani, alikuwa ameweka mikono mapajani anangoja. Nikamwambia bado, naunga waya. Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia katika jambo hili, na mie si mtu wa uongo. Tanga nzima inaujua mdomo wangu. Nimewahi kumwambia bibi harusi ukumbini kwamba gauni limembana.

Ngoja nieleze, maana nikiwa na hasira huwa naanzia katikati.

Masikio ya Mashavu yalikufa mwaka juzi kwa sindano za kifua. Sindano zilimponya kifua, zikaondoka na masikio. Hospitali wakampachika kipuli, kile kidude cha nyuma ya sikio ambacho siku hizi nusu ya mji wanacho, wagonjwa na wazima. Wazima nao wamekipenda, maana ukikivaa husikii pikipiki wala jirani anayegombana na mkewe. Kipuli kinapitisha maneno ya watu bila shida. Muziki ndio uliowashinda waliokiunda. Ni mwingi mno kwake, kinauvuruga, mgonjwa anasikia kama mtu anakoroga changarawe. Basi wakatafuta njia ya mkato. Ndani ya kila kipuli wakaweka ghala la sauti elfu arubaini, kila moja na namba yake. Mpigaji akigusa kinanda cha namba, kinanda kinatuma namba, na noti ipi, na kwa nguvu gani, basi. Kipuli kinafungua ghala lake na kumpa mwenyewe ile sauti ikiwa safi, haina hata mkwaruzo. Sauti isiyo na namba inahesabiwa makelele, na makelele kipuli kinayafuta.

Kinanda changu hakina namba. Kinanda changu ni cha kusuka.

Kusuka ni neno letu sisi wa zamani. Unachukua wimbi tupu la umeme, ambalo peke yake linakera kama mbu, unalichuja, unalipunguza makali pale linapoingia, unalirefusha mkia pale linapotoka, mpaka linakuwa kitu chenye roho. Kuna vifundo thelathini na viwili vya kuzungusha, na maandishi yake nilibandika mwenyewe kwa Kiswahili, kibandiko kimoja kimoja, mwaka ule nilipochoka kuwaeleza wanafunzi maneno ya kigeni. Wapiga namba nilikuwa nawaita wapiga simu. Nilikuwa nawauliza, leo mnampigia nani? Nilicheka sana enzi hizo.

Na hiyo sauti inaitwa Njoo. Kioo cha kinanda kinachukua herufi nne tu, ndiyo sababu ya jina, lakini hata kingechukua mia ningeiita hivyohivyo. Mashavu alipoanza kuimba na kikundi chetu cha Shani ya Raskazoni alikuwa na ugonjwa mmoja: hajui pa kuingia. Ama anawahi, ama anachelewa, ukumbi unacheka. Nikakaa wiki mbili nikamsukia sauti ambayo inaanza chini, inapanda taratibu, inafunguka, na pale inapofunguka ndipo sauti yake yeye inapokaa, kama mto na foronya. Hakukosea tena. Miaka ishirini na nne hakukosea.

Kitu asichokijua ni kwamba Njoo haikubaki vile. Alipojifungua sauti yake ilishuka, nikaishusha Njoo. Alipofiwa na mumewe ikaingia ukavu, nikatia ukavu kidogo. Kila baada ya mwaka au miwili nilikuwa nagusa kifundo hiki na kile, kidogo tu, kwa sikio. Yeye akadhani ni ileile ya siku ya kwanza. Hiyo ndiyo raha ya kinanda cha kusuka, kinazeeka na mtu wake.

Tangu apate kipuli alijaribu kuimba mara moja tu, harusini Chumbageni, na mpiga namba wa kukodi. Aliingia kabla ya wakati, akatoka juu, akasimama, akawaambia watu mia tatu samahani. Mashavu yule, anasema samahani! Akaenda kukaa safu ya pili pamoja na wamama wa upande wa bwana harusi. Huu ni mwezi wa nane hajafungua kinywa.

Siku hiyo niliyomdanganya kuhusu waya, aliondoka nyumbani kwangu akiwa amejikaza kisabuni. Mlangoni akaniambia jambo moja, kwa upole wake.

"Kombo, mie sitaki kingine. Nisikie ile mara moja tu, nitaimba."

*

Ofisi ya Hazina ya Sauti, wanaotoa namba za vipuli, iko juu ya duka la miwani. Aliyenipokea alikuwa binti wa Kipare, Pendael, mpole, na uso wa mtu aliyezoea kulaumiwa kwa mambo ambayo si yeye aliyeyatunga. Akaniamkia shikamoo mama, akanivutia kiti. Yeye mwenyewe alikuwa na kipuli, amekivaa tangu yuko darasa la pili. Hajawahi kusikia sauti isiyo na namba maishani mwake. Nilimhurumia, kisha nikajikumbusha kwamba mimi ndiye niliyekuja kuomba.

Nikamweleza shida. Akasema inawezekana, na moyo ukanipanda. Halafu akanieleza namna yake, na moyo ukarudi ulikotoka. Sauti ya mtu binafsi inasajiliwa mara moja. Wanaichota kutoka kwenye kinanda, wanaipa namba ambayo kinanda chenyewe kitakuwa kinaituma, na kufikia asubuhi iko ndani ya vipuli vyote vya pwani. Haibadilishwi wala hairudishwi. Na kinanda kilichoitoa kinafungwa: wanamimina gundi nyekundu kwenye vifundo, ikikauka haitoki mpaka uvunje. Utaendelea kupiga zile sauti zilizomo. Kusuka, basi.

Nikamuuliza gundi ya nini, kwani mie mwizi? Akasema alikuwepo mpigaji mmoja huko kusini aliyesajili sauti yake, kisha akaendelea kuibadilisha nyumbani. Ikafika harusi moja, wenye vipuli wanasikia ya zamani, wenye masikio wanasikia mpya, wachezaji wakakanyagana, na mzee mmoja mwenye kipuli akalia kwa kudhani akili zimemruka.

"Mama, hatukupokonyi kitu," akasema Pendael. "Tunaifunga ili isiwe mbili. Mgonjwa akishaizoea, asije akaikosa."

Nilikuja na matusi yangu tayari mdomoni, lakini kwa hilo neno lake nikayameza. Akaongeza kwamba usajili wa sauti za watu binafsi unafungwa mwisho wa Shaabani. Ghala la vipuli limejaa, baada ya hapo hawapokei tena. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Niliporudi nilimkuta Bwana Mhina barazani anakaza nyuzi za fidla. Nikamwambia yote. Mhina ni mtu wa maneno machache na yote yanauma. Akanikumbusha kwamba hicho ni kinanda cha mwisho cha kusuka Tanga yote, kwamba cha Pongwe kililiwa na kutu na cha Makorora kiliuzwa vipande vipande. Akanikumbusha wanafunzi wangu wanne wa Jumatatu. Waje wajifunze kusuka kwenye gundi?

"Unawafungia watu ambao hata hawajazaliwa," akasema, "kwa ajili ya mtu mmoja."

"Huyo mmoja ni dada yangu."

"Najua. Ndiyo maana sijakwambia usifanye."

Afadhali angenikataza, ningepata wa kugombana naye. Nilibaki na hiyo kazi peke yangu. Siku nzima nilikitazama kile kinanda. Nikikiacha wazi, kitaendelea kusuka lolote, na dada yangu hatasikia hata moja. Nikikifunga, atasikia moja, na hiyo moja itasimama palepale milele. Mashavu akifika miaka sabini na sauti ikawa ya kunong'ona, Njoo itaendelea kumwita kama mwanamke wa miaka hamsini na nane. Atakimbilia pale na hatapafikia. Nani atampunguzia mwendo? Mie nitakuwa nimekaa na vifundo vya gundi.

Lakini bado nilimuona pale mlangoni anasema mara moja tu. Nikapiga moyo konde. Nikampigia Pendael, nikamwambia aniandike Jumatano ya mwisho.

*

Katikati ya hapo tukafiwa Muheza. Nilikaa matangani siku tatu, na ufunguo wa nyumba nikamwachia Mashavu, maana kati yetu ni nyumba mbili tu. Niliporudi Jumamosi asubuhi nilikuwa na hamu ya kinanda kama mtu mwenye hamu ya chai. Nikawasha, nikaita Njoo kwenye kioo, nikabonyeza.

Kikatoka kitu kama birika linalochemka.

Nikadhani nimekosea nafasi. Nikatazama kioo: NJOO. Nikazima, nikawasha. NJOO. Birika. Nikapiga nyingine, ile ya kumfuatia Mhina kwenye fidla, iko salama. Nikazipitia zote sitini na nne, zote salama isipokuwa moja. Nikakaa sakafuni.

Mhina alipofika nilimrukia kabla hajavua viatu. Nani kagusa? Umemwingiza nani? Akanisubiri nimalize, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia: vipimo vyake umeviandika wapi?

Mtu anayesuka huandika vipimo. Kila fundi wa kinanda duniani ana daftari, kifundo cha kwanza saba, cha pili tatu na nusu, mpaka cha mwisho. Mhina alikuwa akiniambia mwaka hadi mwaka, andika, mwanamke, andika. Nami nikamjibu kwamba wanaoandika ni wale wasiojiamini masikio. Maneno hayo niliyasema mbele ya watu, na kwa sauti.

Nikapekua kabati lote. Nikapata kadi moja ya harusi, rangi imekwisha, na nyuma yake kwa kalamu ya nyusi nilikuwa nimeandika vipimo kumi na tisa vya Njoo, siku ile ya kwanza kabisa. Kumi na tisa kati ya thelathini na viwili, na vya Mashavu wa miaka thelathini na mbili, si huyu. Kanda za zamani zipo, lakini mle Njoo imelala chini ya fidla na ngoma na vigelegele, tena ni ya zamani vilevile. Hizi za miaka ya karibuni hatukurekodi. Studio hazipokei sauti isiyo na namba.

Tuko katika hali hiyo, Mashavu akaingia na sahani ya visheti. Akaniuliza habari za msiba, akaweka sahani mezani, akakaa. Halafu akaona kinanda kimewashwa, akatabasamu kama mtoto aliyefanya jambo la kusifiwa.

Akanieleza. Alikuja Alhamisi kufagia, akakiona kinanda, roho ikamtuma. Akakiwasha, akaita Njoo, akabonyeza, kimya. Akawaza, pengine kuna mahali ambapo sauti itapenya kipulini hata kama kidogo, pengine ikizungushwa kidogo tu itapita. Akawa anazungusha kifundo kimoja kimoja na kubonyeza, anazungusha na kubonyeza, asubuhi nzima. Hakikupita kitu.

"Nikaogopa nisije nikakuharibia," akasema. "Lakini mie si mjinga, Kombo. Kabla sijagusa nilivipiga picha kwa simu, vyote. Nikavirudisha kila kimoja palepale kilipokuwa. Halafu nikabonyeza Hifadhi, ili iwe salama."

Akanionyesha na picha. Vifundo thelathini na viwili, vimepigwa kwa uangalifu, mstari kwa mstari.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpigaji wa kinanda cha kusuka analijua na mtu mwingine hawezi kulijua. Vifundo havionyeshi sauti. Vinaonyesha mkono wa mwisho uliovigusa. Mie nilikuwa nimevizungusha Jumatatu kumfundisha mwanafunzi kutengeneza upepo, kisha nikaita Njoo, na Njoo ikaja kutoka ndani, kutoka kwenye kumbukumbu, huku vifundo vimebaki kwenye upepo. Mashavu alipoanza kuvigusa, kila kimoja kiliitupa sauti ya ndani na kushika cha nje. Alivyovirudisha kwa usahihi ule, alikuwa anaurudisha upepo wangu wa Jumatatu. Na hicho kitufe cha chini kulia hakilindi kitu. Kinachukua kilichopo sasa hivi, kinakiandika juu ya kile cha zamani, na cha zamani kinakwenda.

Kwa kigeni lilikuwepo neno jingine pale. Mie ndiye niliyelibandua. Nakumbuka Mhina alipendekeza niandike "Badilisha", nikamwambia linatisha watu, tena halina heshima. Nikataka neno zuri. Nikaandika HIFADHI, neno ambalo Mswahili yeyote akiliona anajua maana yake: kitu chako kiko mahali salama. Nililipaka na rangi ya kijani.

Mhina alinitazama. Akafungua mdomo, mie nikatikisa kichwa. Mashavu alikuwa ananingoja, sahani ya visheti mbele yake, anataka kujua kama amefanya sawa.

"Umefanya vyema, dada," nikasema.

Huo ulikuwa wa pili.

*

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilianza na ile kadi ya harusi, nikaweka vipimo kumi na tisa, na hivyo vingine kumi na vitatu nikaanza kuvitafuta kwa sikio. Wanaosema sikio halisahau wanajidanganya. Sikio linakumbuka kwamba lilifurahi, halikumbuki kwa nini. Jumapili mchana nilidhani nimeipata, nikalia. Jumapili jioni nikaisikiliza tena, si yenyewe. Nikamwita Mhina, akasema ni hii. Jumatatu akasema si hii, ile ya jana ilikuwa karibu zaidi, na ile ya jana nilikuwa nimeshaipita na sijaiandika. Hata baada ya yote yale, sikuandika! Hapo nilichukua daftari nikalitupa ukutani, kisha nikaliokota.

Sikio moja tu duniani lilikuwa linaijua Njoo kutoka ndani, mahali inapofunguka. Sikio hilo lilikuwa nyumba mbili kutoka kwangu, na lilikuwa linafuta kila nilichokifanya.

Nikarudi kwa Pendael, safari hii sina matusi. Nikamuomba aniruhusu dada asikilize kabla ya kusajili, aseme tu ndiyo au hapana, nimrekebishie. Akasema kipuli hakifungui sauti isiyo na namba, na namba ikishatoka ndiyo imetoka. Nikamuuliza kama hakuna namba ya majaribio. Akapekua kwenye mashine yake, nikaona anatafuta kwelikweli.

"Ningekuwa nayo ningekupa, mama," akasema. Nikamwamini, na kumwamini kulinichosha kuliko kumgombeza.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Nisiposajili, usajili unafungwa, Mashavu hatasikia chochote changu mpaka anazikwa. Nikisajili, nasajili kwa kubahatisha, mara moja, na nafunga kinanda cha mwisho cha kusuka Tanga kwa ajili ya kitu ambacho huenda si chenyewe. Mhina aliliona hilo kabla yangu. Jumanne adhuhuri alikuja, akakataa chai, akasema kuna njia ya tatu: mwambie ukweli, mwache achague yeye. Sauti ni yake. Ana haki ya kujua.

"Ajue nini?" nikamuuliza. "Kwamba aliisubiri miezi minane, na mkono ulioiua ni wake?"

"Kitufe kiliandikwa na wewe."

"Hilo nitamwambia, halafu? Atasema si kosa lako, Kombo, kosa langu. Unamjua. Atanifariji mie, kisha aende kwake akae."

 Mhina akachukua fidla yake, akanipigia ile njia ya kuingilia, pole pole, mara nyingi, ili nipate kusuka juu yake. Tulifanya kazi mpaka magharibi. Mwishoni nilikuwa na kitu kizuri. Sisemi uongo hapa, kilikuwa kizuri. Ila nilikuwa siwezi tena kujua kama ni Njoo, kama vile ukilirudia neno mara mia linageuka sauti tupu.

Jumatano niliwapelekea. Pendael akaunganisha waya, akachota, ikachukua muda wa kunywa maji glasi moja. Akaniuliza jina. Nikasema Njoo. Akasema majina ya amri hayapokelewi, na mashine ikaipa jina yenyewe: Zumari ya Pwani, ya Sita. Zile tano nyingine ni za nani, sijui. Kisha akaleta chupa ya gundi. Alimimina taratibu, kifundo baada ya kifundo, anaomba radhi kila anapohama mstari. Kitufe cha chini kulia nacho akakifunika. Neno langu likaonekana chini ya wekundu, linasomeka vizuri kabisa.

*

Alhamisi asubuhi Mashavu alikuwa amevaa gauni lake la jukwaani, lile la zambarau, nyumbani, saa nne, mbele ya majirani wawili waliokuja kuazima ungo wakabakishwa. Nilikuwa nimemwambia Njoo imekwenda Hazina kupewa namba, naye alikuwa ameshakunywa tangawizi yake. Mhina alikaa dirishani, fidla mapajani, hakuigusa. Nami nikaketi kwenye kinanda changu chenye gundi, nikaita ile sauti.

Nikabonyeza.

Kichwa chake kikainuka. Kwa mara ya kwanza tangu apate kipuli, dada yangu aliusikia mkono wangu. Nikaona bega la kulia linashuka kama linavyoshuka siku zote kabla hajaimba. Sauti ikaanza chini, ikapanda, nikahesabu nayo, ikafunguka. Pale ndipo anapoingia. Nikamuona amevuta pumzi, mdomo wazi, na pumzi ikakaa pale. Pakapita. Nikairudia ile njia ya kuingilia, nikamletea tena. Akavuta pumzi tena. Pakapita tena. Vidole vyangu vilitaka kushusha kidogo, kulainisha kidogo, kifundo cha kumi na moja, unywele mmoja tu, nilijua kabisa sasa nimemtazama uso ni kipi na ni kiasi gani. Kidole kikateleza juu ya gundi.

Akafunga mdomo. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Tamu hii," akasema. "Ya nani?"

Mhina akageuza uso nje. Majirani wakaangalia ungo. Mie, ambaye Tanga nzima inaujua mdomo wangu, nilikuwa na maneno yote: ni yetu, dada, uliifuta kwa mkono wako, na mimi ndiye niliyeliandika lile neno lililokudanganya. Yalikuwa yamepangana mdomoni yakisubiri mlango.

"Ya mtu mmoja wa Pangani," nikasema. "Nilikuwa naijaribu tu."

"Mwambie anajua." Akaweka sawa mtandio. "Na yetu?"

"Bado iko Hazina. Wanaishughulikia."

"Sina haraka," Mashavu akasema. "Mie sina wasiwasi nayo hata kidogo, niliibonyezea Hifadhi." Akavuta kiti karibu na kinanda, gauni lake la zambarau likagusa mguu wangu. "Basi nipigie hiyohiyo ya Pangani, wakati tunangoja."

Nikampigia tena tangu mwanzo, vilevile, maana sasa haiwezi kupigwa vingine.